Mbacha wa Mwinyi Ngwali

"Usiache mbachao kwa msala upitao." Mmemsikia shangazi yenu akimwambia Rukia maneno hayo asubuhi, Rukia akanuna, na tangu hapo mnanizunguka mkitaka kujua yametoka wapi. Haya, kaeni. Ila msiikalie miyaa yangu ya kusukia, nimeichambua tangu jana na mgongo bado unaniuma. Methali hii ina mji wake na ina mwenyewe, na chanzo chake ni hiki.

Kwanza mjue kwamba mbachao ni mbacha wako, na mbacha ni mkeka uliochakaa. Nimesuka mikeka miaka hamsini, na sioni aibu kusema kwamba mwisho wa kila mkeka wangu ni kuwa mbacha. Msala ni wa kuswalia, na msala wa kisa hiki ulikuwa wa sufu nyekundu, umetoka Basra.

Zama hizo miji ya pwani yetu ilikuwa imekwisha kusilimu. Uislamu ulikuwa umeenea kutoka Andalusi hadi mipakani mwa Uchina, na elimu ilikwenda nao. Huko Baghdad na Basra watu walipima nyota, wakaandika tiba na hesabu kwenye karatasi, na majirani zao, hata wasiokuwa Waislamu, wakaja kuteka katika kisima hicho. Sisi tulikuwa majirani wa mbali. Kitabu kikifika kwetu kilipokewa kama bwana harusi.

Katika mji wa Kitawa palikuwa na mwadhini aliyeitwa Mwinyi Ngwali. Saa hazikuwapo, kwa hiyo nyakati za swala za mchana zilijulikana kwa kivuli. Adhuhuri huingia kivuli kikishafupika mpaka mwisho wake, kikaanza kurefuka tena. Alasiri huingia kivuli hicho kikiongezeka kimo cha mtu, nacho ni nyayo saba za mtu mwenyewe. Basi kila siku Ngwali alitandika mbacha wake katika ua wa msikiti, akasimamisha fimbo yenye kimo chake, akakipima kivuli kwa nyayo zake, kisigino kwa kidole. Siku alizihesabu kumi kumi tangu Siku ya Mwaka, na kila kumi huitwa mwongo. Kwa kila mwongo alichora alama ukutani, kama babu yake alivyomfundisha. Kazi hiyo aliifanya miaka thelathini na minane, na hakuwa na jambo jingine la kujivunia duniani.

Mwaka mmoja akaja Sheikh Dhafiri kutoka Basra. Alikuwa kijana bado, lakini elimu yake ilikuwa ya kweli, nisimsingizie. Alitibu macho ya watoto. Aligawa mirathi iliyokuwa imewagombanisha ndugu miaka kumi, wakatoka wakishikana mikono. Mji ukampenda mno, na mji ukipenda hupofuka.

Kipupwe kilipoanza, Sheikh alimwonyesha Mwana Mize, malkia wa Kitawa, karatasi yenye jedwali la vivuli. Mwezi baada ya mwezi lilionyesha kivuli cha adhuhuri ni nyayo ngapi, kwa wino mweusi na mwekundu. Mwana Mize akamwita mwadhini barazani.

"Mwinyi Ngwali, hesabu yako wewe imeandikwa wapi?"

"Ukutani, Mwana. Na miguuni mwangu."

Waliokuwapo wakacheka. Mwana Mize hakucheka, lakini aliamua kuifuata karatasi. Kuanzia Ijumaa ile Sheikh ndiye angepima kivuli kwa jedwali lake, na Ngwali angengoja ishara ndipo aadhini. Mbacha wake ukaondolewa uani, ukatupwa nyuma ya kisima, na mahali pake ukatandikwa msala mwekundu. Mzee aliuokota, akaukung'uta mchanga, akaukunja kwapani. Iliniuma mimi kuusikia mkasa huu, sembuse yeye aliyetendwa.

Ijumaa ikafika. Msikiti ulijaa mpaka ngazini. Sheikh alisimama uani na fimbo yake, karatasi mkononi. Jedwali lilisema kwamba mwezi ule kivuli cha adhuhuri ni unyayo mmoja. Kivuli kikafupika, nyayo tano, nyayo nne, kikafika tatu na nusu. Hapo kikasimama. Sheikh akangoja kiendelee kupungua. Badala ya kupungua kikaanza kurefuka, tena kimelala upande wa kusini, jambo ambalo alikuwa hajaliona maishani mwake, maana kwao Basra kivuli cha adhuhuri hulala kaskazini mwaka mzima.

Akaigeuza karatasi, akaisoma upya. Akapima tena. Kivuli nyayo tano. Ndani watu wakaanza kukohoa kile kikohozi cha msikitini ambacho si cha kifua. Kivuli nyayo sita. Mwana Mize akatuma mtu kuuliza kuna nini. Ngwali alikuwa amekaa mlangoni na mbacha wake mapajani, anaitazama fimbo.

Kivuli kilipofika nyayo nane, Sheikh aliiweka karatasi chini. Akamwendea mzee, akachutama mbele yake.

"Mzee wangu, huku kwenu jua hupita wapi?"

Tangu afike Kitawa, hilo lilikuwa swali lake la kwanza kwa Ngwali.

"Kipupwe hupita kaskazini yetu, Sheikh. Wakati wa kaskazi hupita kusini. Na mara mbili kwa mwaka hutupitia utosini, fimbo isiwe na kivuli hata cha kumfunika mdudu chungu."

"Na leo?"

"Nyayo tatu na nusu, mwisho wake. Kimepinduka zamani. Kikifika kumi na nusu imeingia alasiri, na Ijumaa imetutoka mji mzima."

"Mbona hukusema?"

"Niliambiwa ningoje ishara." Kisha mzee akasema lililokuwa moyoni. "Na nilifurahi. Mungu anisamehe, nilikuona umekwama nikafurahi."

"Nami niliona kivuli kinageuka mbele ya macho yangu, nikaiamini karatasi. Tumekosa sote wawili. Simama uadhini, baba, wakati unakwenda."

Ngwali akaadhini. Ijumaa ikaswaliwa ndani ya wakati wake.

Baada ya swala Sheikh alisimama mbele ya watu na jedwali lake. "Karatasi hii haina kosa," akasema. "Aliyeiandika alilipima jua la Basra siku baada ya siku, kama mzee huyu anavyolipima la kwenu. Mimi sikupima kitu. Nilibeba tu."

Kisha akaukunja msala wake, akamwomba Ngwali autandike mbacha mahali pake pa zamani. Akakaa ukingoni mwake, akakaa mwaka mzima. Ngwali alipima, Sheikh aliandika. Mzee alimfundisha miongo, naye akamfundisha mzee kuandika tarakimu, na ninaambiwa saba yake ilikuwa inalala kama mlevi. Mwisho wakapata jedwali la Kitawa, mistari thelathini na sita, kila mwongo na kivuli chake na upande kinapolala.

Pepo zilipogeuka, Sheikh akaaga. Mwana Mize akamsihi. "Kaa nasi. Nyumba nitakujengea, na uadhini nitakupa wewe. Ngwali amekwisha kuzeeka."

Sheikh akautazama ua. Mzee alikuwa amepiga goti anapima, nyayo zake zimepasuka kisigino.

"Mwana," akasema, "mimi nina kwetu, na leo nakwenda. Kesho jua litachomoza hapa nami sipo, na huyu yupo. Usiache mbachao kwa msala upitao."

Akaondoka. Msala alimwachia Ngwali, na Ngwali akauhifadhi sandukuni pamoja na lile jedwali. Yeye mwenyewe aliswali juu ya mbacha wake mpaka alipokufa, na ndio uliofunikia jeneza lake.

Sasa wako watu huitumia methali hii kufukuzia kila kigeni. Hao walisinzia kisa kikisimuliwa. Msala haukuwa mbaya, na bila Sheikh hesabu ya Ngwali ingezikwa naye. Ubaya ulikuwa kuutupa mbacha nyuma ya kisima.

Na wewe Rukia, usinitazame hivyo. Hao wageni wa jirani unaoshinda nao ni watoto wazuri, nami nimewapenda. Lakini wanarudi kwao Jumapili. Mwanasha aliyekuuguza surua yuko pale pale, nyumba ya tatu, na wiki ya pili hii hujamkanyagia mlango. Jana alipita hapa, akaniuliza kama unaumwa.

Mnaona? Ameinuka. Chukua na hizi kaimati, mwanangu, usiende mikono mitupu. Nanyi msimcheke, kila mmoja wenu ana wake. Usiache mbachao kwa msala upitao.