Mzoefu wa Boma la Ng'ambo

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na serikali, foleni na shida zao kama sisi, Mama Karunguyeye, yule mnyama mdogo wa miiba, alikuwa akiishi bondeni na watoto wake wanne. Kila masika maji yaliingia ndani mpaka usawa wa kitanda. Watoto walilala juu ya meza, wakikohoa mpaka asubuhi.

Siku moja likabandikwa tangazo: boma linataka karani. Awe anajua kusoma, kuandika na kuhesabu. Atapewa nyumba ya serikali kilimani.

"Kilimani!" akasema Mama Karunguyeye. "Pakavu kule! Watoto, msitoke hapa, narudi sasa hivi."

Akaenda mbio, tapu tapu tapu.

Mkuu wa ajira alikuwa Bwana Kiboko. Alimtazama kwa jicho moja, akapiga mwayo: hoooaa!

"Wewe? Karani lazima aifikie meza."

Mama Karunguyeye akatoka, akarudi na kigoda, akapanda. "Nimeifikia, mzee."

"Lazima pia awe na sauti."

"SAUTI NINAYO! Nimelea watoto wanne!"

Kiboko nusura aanguke na kiti chake. Akakuna shavu. Kumbe kazi ile alikwisha kumwahidi shemeji yake, Ngiri. (Msiniulize kiboko alioaje kwa kina ngiri. Alioa.) Basi akachukua kipande cha mkaa, akaongeza mstari chini ya tangazo: "Na awe amewahi kuwa karani wa boma."

"Uzoefu, mama! Unao?"

"Nitaupata wapi na kazi hamnipi?"

"Hilo si langu. Ngiri anao. Alikuwa karani wa Boma la Ng'ambo."

Boma la Ng'ambo lilikuwa limesombwa na mto, kuta na makaratasi yote. Nani angebisha?

Mama Karunguyeye hakulia. Kulia hakukaushi nyumba. Alikwenda moja kwa moja kwa Hakimu Nyati kufungua kesi: sharti limeongezwa yeye akiwa amekwisha kuomba, tena limeshonwa kwa kipimo cha mtu mmoja.

Siku ya kesi baraza lilijaa. Kiboko akasimama, tumbo mbele.

"Mheshimiwa, ofisi si jikoni. Tunataka mzoefu, na mzoefu ni huyu hapa."

Hakimu Nyati akapuliza pua: pfff! "Mama, kama Ngiri ni mzoefu kweli, umeshindwa. Una swali kwake?"

"Ninayo mawili matatu, Mheshimiwa." Akamgeukia Ngiri kwa upole. "Bwana Ngiri, ni kweli ulikuwa karani kule Ng'ambo?"

"Kweli tupu!" akajibu Ngiri, mkia wima.

"Labda kwa muda mfupi tu?"

"Muda mfupi wapi! Tangu boma linafunguliwa mpaka mto unalichukua!"

"Basi ulikuwa na msaidizi."

"Msaidizi wa nini? Kazi yote mimi!"

"Kile kidirisha kidogo, ambacho mtu akiinama haoni uso wa aliye ndani..."

"Nilikaa mimi pale!"

"Na ile sauti?"

"Yangu! Hakukaa mwingine, naapa!"

Kiboko akampigia makofi shemeji yake: pa, pa, pa!

"Ahsante, baba, sina swali tena," akasema Mama Karunguyeye. Akawageukia waliokaa barazani. "Jamani, msalimieni basi. Ndiye karani wenu wa Ng'ambo. Yule wa 'njoo kesho'."

Baraza zima likamgeukia Ngiri.

Twiga akainamisha shingo polepole, mpaka pua yake ikamgusa Ngiri. "Kumbe ni wewe? Nilikuja kumwandikisha mwanangu. Njoo kesho, njoo kesho, mpaka mtoto akaoa!"

"Mimi ulinirudisha nyumbani nikafute milia kwanza!" akafoka Pundamilia.

"Na mimi!" akalia Kobe kutoka nyuma. "Mimi wa kuambiwa njoo kesho? Huoni ninavyotembea?"

Puu! Meza ikaanguka. Hakimu Nyati alikuwa amesimama.

"Kibali changu cha malisho!" akanguruma. "Nilingoja mpaka majani yakakauka! Mama yangu alikonda, mbavu nazihesabu! Na kila siku, njoo kesho, kisha kidirisha kinafungwa, pa! puani kwangu!"

Akaanza kukwangua ardhi kwa kwato: kwaru, kwaru.

Mkia wa Ngiri ukalala. "Wa-wa-wazee wangu, si mimi! Sijawahi kufika ng'ambo! Hata kuogelea sijui!"

"Si umeapa hapa sasa hivi?"

"Shemeji ndiye aliyenifundisha! Muulizeni shemeji!"

Wakageuka kumtazama Kiboko. Kiti kilikuwa kitupu. Huko mtoni kukasikika: chubwii!

Ngiri naye akachomoka, puruuu! Alipofika shimoni kwake aliingia kinyumenyume, aone kama Nyati anakuja. Mpaka leo huingia hivyo.

Hakimu Nyati akaketi, bado anahema.

"Sharti la uzoefu nalifuta. Kama uzoefu ni ule wa kidirishani, afadhali asiyekuwa nao. Mama, kusoma unajua?"

"Najua."

"Kuandika?"

"Najua."

"Kuhesabu?"

"Mheshimiwa, kila magharibi nahesabu watoto kabla ya kufunga mlango. Hajapungua mmoja."

"Chukua ufunguo."

Jioni ile ile walihamia kilimani, mama kajitwika godoro, watoto nyuma wamebeba sufuria. Masika yalipokuja, mvua ilinyesha wiki nzima. Watoto wakalala kitandani, na hakuna aliyekohoa.

Nanyi shikeni hili: ukidai sifa ya kazi usiyoifanya, jiandae kupokea na lawama zake.