Bi Pimbi Aozesha Mabiringanya

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walilima, walipika, na walikuwa na jumbe wa kuwasumbua, aliishi mjane mmoja jina lake Bi Pimbi. Kimo hana, lakini mdomo anao! Alikuwa na kitalu kimoja kando ya mto, na hicho ndicho kilicholisha watoto wake watano.

Mwaka ule mabiringanya yake hayakuwa mchezo. Makubwa, yanang'aa, na mengi mpaka matawi yakawekewa miti ya kuyashikilia. Habari zikamfikia Jumbe Nyati. Naye akaja, ti! ti! ti!

"Kuanzia leo kitalu hiki changu," akasema, hata salamu hakutoa. "Udongo mzuri hivi si wa kiumbe mdogo kama wewe."

Bi Pimbi aliogopa, tusidanganyane. Aliwafikiria wanawe. Lakini hakurudi nyuma hata hatua moja.

"Sitoki, Jumbe. Si udongo huu uliozaa, ni mikono yangu. Unabisha? Tushindane! Msimu ujao wewe lima nusu, mimi nusu. Atakayejaza vikapu vingi achukue chote, kijiji kizima kikiona."

Majirani walikuwa wameshasogea kusikiliza. Nyati angekataaje?

"Sawa! Ila mbegu za mabiringanya haya yote nachukua mimi. Tuone utapanda nini!"

"Chukua. Mimi niachie ile miti miwili ya ukingoni."

Nyati akaitazama. Mmoja ulijaa miiba na vitunda vyeupe vidogo kama mayai ya kwale. Wa pili ulikuwa na matunda mawili tu, manene, ya zambarau, na majani yake yamelegea.

"Takataka hizo? Zako!"

Basi kiangazi chote, kila asubuhi, Bi Pimbi alikuwa kwenye miti yake. Alifungua tumba la ua la mti wa matunda manene kabla halijachanua, akaondoa chavua yake, ule unga wa njano, akalipaka chavua ya mti wa miiba, kisha akalifunga kwa kipande cha kanga. Siku moja Nyati akapita.

"We! Unafanya nini?"

"Naozesha maua, Jumbe. Huyu mama, yule baba. Yale uliyochukua ni watoto wao."

"Kwa! kwa! kwa! Maua yana arusi? Mjane kapata wazimu!"

Akaenda zake akicheka. Bi Pimbi alikuwa amemwambia ukweli mtupu, mchana kweupe, na alijua fika kwamba bwana mkubwa yule hawezi kuamini neno la mdogo.

Mvua zikanyesha. Wakapanda, Nyati mbegu alizochukua, Bi Pimbi mbegu za maua aliyoyaozesha. Siku ya mavuno mzee Kobe, aliyechaguliwa na kijiji kuwa mwamuzi, akahesabu vikapu vya Bi Pimbi: arobaini na viwili, matunda makubwa yaleyale ya mwaka jana. Akaenda upande wa Nyati. Lo! Mti huu miiba mitupu. Ule una tunda moja. Mwingine vitunda kama gololi, na mingine ilinyauka kabla ya kuchanua.

"Sita," akasema Kobe. "Na cha sita hakijajaa."

"Umeniroga!" Nyati akanguruma. "Mbegu ni za matunda yaleyale!"

"Ndiyo, za yaleyale. Lakini hao wa kwako ni wajukuu, Jumbe. Huyu kamfuata babu, yule bibi, na wengine hawajulikani wamemfuata nani. Watoto wanaofanana huzaliwa na ile miti miwili tu. Nilikueleza, ukacheka."

"Basi nipe hiyo miti!"

"Sikupi!"

Nyati akainamisha pembe. Bi Pimbi akasimama mbele ya miti yake, jembe mkononi, macho hayapepesi.

"Sikupi, Jumbe. Toka shambani kwangu!"

Kobe akaja akasimama kando yake. Kisha majirani, mmoja mmoja, wakajipanga nyuma yao. "Toka! Toka! Toka!" Jumbe Nyati akageuka, akaondoka, vumbi tifu!

Nanyi wanangu, shikeni hili: mnyang'anyi hubeba matunda, lakini ujuzi hubaki kwa aliyeyalea.