Kwa Nini Mashine za Ofisi ya Chai Hulala Mchana

Zamani, na wala si ile zamani ya fisi kuposa, ni zamani ya juzi tu, mashine za ofisini zilikuwa hazilali. Katika mji wa Lusungo kompyuta ikishawashwa siku ya kutoka kwenye boksi, ndiyo imewashwa mpaka siku ya kufa kwake. Ushirika wa Chai, wenye ofisi kule mlimani, ulikuwa nazo arobaini. Makarani waliingia asubuhi, wakaketi mbele ya mashine kidogo, kisha wakabeba mizani kwenda mashambani kupima majani mabichi hadi alasiri. Mashine zikabaki zinawaka zenyewe, zikipulizwa na viyoyozi, kwenye mji ambao watu hulala na blanketi mbili.

Chanzo kilikuwa hofu. Miaka ya nyuma karani mmoja alizima mashine kabla ya kuhifadhi orodha ya wakulima, orodha yote ikayeyuka. Meneja, Bwana Mwakalobo, hakuuliza ilikuwaje. Aliamua kwamba mashine ikizimwa husahau, akakataza kuzima, na katazo likageuka mila. Waliokuja baadaye walilikuta wakaliheshimu, maana kuuliza maswali haikuwamo kwenye job description ya mtu yeyote.

Umeme wa Lusungo ulitoka kwenye mtambo mdogo uliozungushwa na maji ya mto Kasyeto. Ulitosha iwapo kila mtu angechukua kiasi chake. Bondeni, mwisho wa nyaya, Bi. Bupe alikuwa na mashine ya kusaga mahindi, na hapo ndipo aliposhinda Tumpe, binti wa dada yake, mwenye degree ya kompyuta na miaka minne ya kukaa bila kazi. Tumpe alikuwa na ulimi. Barua zake saba za kuomba kazi zilikwenda mlimani na hazikurudi hata na salamu, naye alisema ofisi ile ina kompyuta arobaini na watu wawili wanaojua zinafunguliwa wapi.

Kila siku ilikuwa hivi: alfajiri kinu kilisaga vizuri. Ofisi ikifunguliwa na viyoyozi kuwashwa juu ya zile kompyuta, kilianza kukohoa, na saa tatu kilisimama kabisa. Wanawake walioacha kuchuma chai ili wasagishe walikaa juu ya ndoo zao mpaka jua likawachosha, wakarudi nyumbani na mahindi. Bi. Bupe akachoka. Alitafuta mnunuzi wa vyuma, wakaelewana aje Jumamosi kung'oa mota.

Alhamisi Tumpe alipanda mlimani, na debe la mahindi kichwani. Akaingia moja kwa moja kwa meneja, akalitua juu ya meza yake, katikati ya mafaili.

Bwana Mwakalobo alimtazama juu ya miwani. "Binti, umeleta tena CV?"

"Leo nimeleta chakula cha watu, baba. Hakijasagwa kwa sababu umeme wake umekaa chumba cha pili, unaangalia viti vitupu."

Meneja alicheka, akamweleza kwa upole wa mtu mwenye mshahara kwamba mashine zile zikizimwa zitasahau. Tumpe akavuta pumzi.

"Shikamoo yangu sijaitoa, samahani. Shikamoo. Sasa nisikilize, boss. Mashine haisahau kwa kulala. Inasahau kwa sababu mwenye nayo hakusevu. Nipe chumba kimoja. Ikipotea herufi moja, nitakufagilia ofisi hii mpaka nizeeke, na hiyo itakuwa ajira yangu ya kwanza."

Labda ni lile debe, labda ni uchovu, lakini meneja alikubali. Tumpe alipita meza kwa meza, akahifadhi kazi, akazima mashine ishirini na kiyoyozi cha chumba hicho. Kisha akamwomba meneja watoke barazani wanyamaze. Kitambo hakukuwa na kitu ila upepo kwenye michai. Halafu, kutoka bondeni, kikasikika kinu kikianza kuguna, kikashika kasi, kikatulia kwenye mlio wake. Chini kule wanawake wakapiga vigelegele. Waliporudi ndani na kuwasha, orodha zote zilikuwepo. Kinu nacho kikanyamaza tena.

Mtu angedhani yaliishia hapo. Wapi. Bwana Mwakalobo alisema suala litajadiliwa na kamati. Tumpe akateremka, akawasimulia wanawake waliokuwa kwenye foleni, na wale hawakuwa wanawake tu, walikuwa wanachama wa Ushirika wenye kura. Ijumaa asubuhi walipanda sitini, wakakalia ndoo zao mbele ya ofisi, wakisuka nywele na kupiga soga. Mkubwa wao alimwambia meneja kwamba hawana haraka, na kwamba uchaguzi wa Ushirika ni mwezi ujao. Kabla ya saa nne kila mashine isiyokuwa na mtu ilizimwa. Jumamosi mnunuzi wa vyuma alikuta kinu kinazunguka, akasagisha unga wake akaondoka.

Hivyo Ushirika ulianza kwa woga. Wanunuzi wa chai wa ng'ambo walipouliza wanatunzaje mazingira, meneja akawapeleka barazani wakasikilize, akatembea kifua mbele mwaka mzima. Hofu ikawa fahari. Benki ikaona, ikaiga ili isionekane ya kishamba. Shule ikaiga benki. Tumpe aliitwa mlimani aajiriwe kwa mkataba wa kujitolea, akawajibu kwamba amejitolea vya kutosha. Bi. Bupe alimjengea chumba ubavuni mwa kinu, na ofisi zikamletea huko kompyuta zao zilizokufa, maana alizifufua nyingi hata watu wakaacha kuzichoma shimoni.

Na toka Ijumaa ile hadi leo, karani wa Lusungo hanunuliwi mashine mpya kabla ya Tumpe kuikagua ya zamani. Tena habebi mizani yake kwenda shambani kabla hajahifadhi kazi, akazima, akasimama barazani na wenzake kimya. Mgeni akiwaona hudhani wanasali. Wanasubiri bondeni kuanze kusagwa, ndipo wanashuka.