Meya wa Bonde la Ukungu

Karakana ya fundi makochi ilikuwa chumba kimoja kirefu mwishoni mwa safu ya maduka, baina ya duka la vipuri na kinyozi asiyejua kunyamaza. Mlangoni palikaa kochi lililovuliwa kitambaa, mbavu zake za mbao zikiwa nje kama za ng'ombe wa kiangazi. Sifongo zilirundikwa hadi darini, na harufu ya gundi ilikuwa imeingia hata kwenye kuta. Zamani nyundo ililia humo kutwa kucha. Siku hizi ulisikika mkasi wa kinyozi tu, kwa maana makochi ya kiwandani yalikuwa yameingia mjini, mepesi na rahisi, na wateja wakayakimbilia kama siafu kwenye sukari.

Fundi mwenyewe alikuwa mtu mpole, mwenye mikono mipana na maneno ya kuhesabika. Mkewe alikuwa mwokaji mikate, na kila jioni alirudi nyumbani akiwa na unga kwenye nyusi. Walioana kwa kupendana, na mapenzi yao yalikuwa ya vicheko.

"Mume wangu, umeshawakalisha watu wote kwenye makochi," mke alizoea kumtania. "Sisi letu tutalikalia lini?"

"Kinyozi hajinyoi, mke wangu," naye humjibu. "Kaa hapo hapo kwenye kigoda, unapendeza."

Walichokosa ni mtoto tu. Miaka ilipita, majirani wakachoka kuuliza, nao wenyewe wakachoka kujibu.

Kazi ilipodorora, fundi alinunua kompyuta ili awaonyeshe wateja picha za makochi ya kisasa. Wateja hawakuja. Ulikuja mchezo. Kinyozi ndiye aliyemwonyesha siku moja ya mvua, kisha yeye mwenyewe akausahau. Fundi hakuusahau.

Katika mchezo huo, mchezaji hupewa kundi la wahamiaji wanaofika katika Bonde la Ukungu, nchi ya kubuni yenye miti inayosema na joka lililolala chini ya ziwa. Kazi yake si kupigana. Kazi yake ni kuwajengea wageni hao makazi, kuwalisha na, zaidi ya yote, kuwafurahisha. Kila mkazi alikuwa na taa ndogo juu ya kichwa: ya kijani akiridhika, ya manjano akinuna, nyekundu akikata tamaa. Na ole wa bonde lenye taa nyekundu! Huzuni huko iliambukiza kama upele. Mmoja akivunja sahani, jirani yake huacha kulima, mpishi husahau chungu motoni, na hatimaye makazi yote huhamwa.

Fundi alikuwa na kipaji cha ajabu. Alijua kwamba mhunzi hupenda kulala karibu na maji, kwamba mchawi mzee hununa akipotelewa na soksi, na kwamba mpiga zeze hawezi kumeza tonge mbele ya jitu. Kila mmoja alimpa haja yake kabla hajaitamka. Wachezaji wa nchi za mbali wakaanza kumwomba ushauri, na kinyozi akambandika jina la Meya. Jina likamganda.

"Meya, wananchi hawajambo?" kinyozi aliuliza kila asubuhi.

"Wote kijani," alijibu, akitoa tabasamu ambalo karakana ilikuwa haijaliona siku nyingi.

Tusimhukumu haraka. Mtu aliyezoea kusifiwa kwa kazi ya mikono yake, kisha akakaa bila kazi, moyo wake huwa kama chombo kitupu, na chombo kitupu hujazwa na chochote kinachopita. Bondeni kulikuwa na watu waliomhitaji. Walipopata nyumba, waliimba. Walipopona, walimshukuru kwa jina.

Mwaka huohuo Mungu akajalia, mkewe akapata mimba. Meya alilia kwa furaha. Kwa majuma machache aliwahi kurudi nyumbani, akateka maji, akamkanda mkewe miguu iliyovimba kwa kusimama mbele ya tanuri. Lakini kidogo kidogo kompyuta ilihama karakana ikaingia nyumbani, ikakaa mezani, pale palipokuwa pa sahani yake.

Jioni moja mkewe alivuta kigoda, akaketi kando yake.

"Huyu mwenye taa ya manjano ana nini?" aliuliza.

"Amenuna. Siku hizi anakula peke yake."

"Ndiyo maana ananuna hivyo?"

"Mtu akila peke yake mfululizo, moyo unaingia baridi. Lazima nimtafutie wa kukaa naye, la sivyo atafika nyekundu."

Mkewe aliitazama ile taa kwa muda. Kisha akaifunika sahani ya mumewe kwa sahani nyingine, akaichukua yake na kwenda kula jikoni. Meya hakugeuka. Tayari alikuwa ameshampatia mnunaji yule rafiki, na taa ilikuwa inageuka kijani.

Mimba ilipofika mwezi wa tano, habari iliyovuma bondeni ilikuwa harusi. Mhunzi alikuwa akimwoa mkunga, na sherehe ikienda vizuri, bonde zima lingekuwa na furaha kwa msimu mzima. Asubuhi ya siku hiyo Meya alimsimulia mkewe mambo yote: maua, taa za vimulimuli, ngoma za majitu.

"Nami mgongo unaniuma leo," mkewe alisema, akijifunga kanga.

"Pole. Usibebe trei nzito," Meya alijibu. Akaenda karakana, akafunga mlango, akaizima sauti ya simu, akavaa vipokea sauti vya masikioni ili azisikie ngoma vizuri.

Adhuhuri mkewe alianguka mbele ya tanuri. Msimamizi wake alimpakia kwenye gari la mikate na kumkimbiza hospitali, huku akimpigia Meya simu asipokee. Kinyozi naye alipigiwa. Alitoka mbio na mkasi mkononi, akaugonga mlango wa karakana hadi vidole vikauma. Ndani, bibi harusi alikuwa akivuka daraja.

Harusi ilifana. Hakukuwa na taa ya manjano hata moja. Meya alivua vipokea sauti, akajinyoosha, akafungua mlango akicheka, akamkuta kinyozi ameketi kizingitini.  Kinyozi alimwonyesha tu simu yake, ujumbe wa kutoka hospitali ukiwa wazi.

Hospitalini muuguzi alimpokea kwa sauti ya chini. "Wewe ndiye mume? Tulikutafuta sana, kaka. Mtoto hatukuweza kumwokoa. Mama amepoteza damu nyingi, lakini ataishi."

Mkewe alikuwa amelala akiutazama ukuta. Meya alipiga magoti kando ya kitanda, akamshika mkono uliokuwa bado na unga kuchani. Mkewe hakuuondoa mkono, wala hakulia.

"Harusi iliendaje?" aliuliza.

Hakuuliza kwa kejeli, na hilo ndilo lililomchoma Meya kama msumari wa moto. 

Walirudi nyumbani. Meya aliapa kwamba hatagusa mchezo tena, na kwa siku kadhaa alitimiza. Alipika, akafua, akakaa na mkewe. Lakini mkewe alinyamaza, na kimya chake hakikuwa na mahali pa kushika. Bondeni huzuni ilionyesha sababu yake: kitanda kibovu, soksi iliyopotea, baridi. Ya mkewe ilikaa tu machoni, na dawa yake ilikuwa kuketi naye humo bila kujua itaisha lini. Meya aliogopa. Siku moja alijiambia atachungulia kidogo, aone kama mhunzi na mkunga hawajambo. Akachungulia, akazama.

Asubuhi moja mkewe alisimama mlangoni na mkoba wa nguo.

"Nakwenda kwa mama," alisema.

"Haya, msalimie," Meya alijibu, macho kwenye kioo, kipokea sauti kimoja sikioni.

Mkewe alisubiri kidogo, huenda Meya angegeuka. Hakugeuka. Mlango ukafungwa taratibu, na ilichukua hadi jioni kwa Meya kugundua kwamba hata viatu vya mkewe vya kazini havikuwapo.

Alipiga simu, haikupokelewa. Alijisemea kwamba atamfuata hasira zikipoa, na hasira alizipa muda kwa sababu bondeni kulikuwa na mafuriko. Miezi ikakatika. Hatimaye wenye mchezo, watu wa mbali ambao hakuwajua hata kwa sura, wakatangaza kwamba wachezaji wamepungua na mchezo utafungwa. Meya aliwaandikia akiwasihi kama mtu anayemwombea mgonjwa. Hawakumjibu. Siku ilipofika aliwakusanya wakazi wake ziwani, wote kijani, wakiimba jina lake. Kisha kioo kikawa cheusi, na ndani yake akabaki mwanamume mmoja mwenye ndevu zisizochanwa.

Kesho yake alikwenda kwa wakwe. Mama mkwe alimfungulia, akampa kiti na maji ya kunywa.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umekawia," alisema, akaenda kumwita bintiye.

Mkewe alitoka akijifuta mikono. Alikuwa amekonda, lakini macho yake yalikuwa yametulia.

"Umekuja," alisema.

"Nimekuja, mke wangu. Turudi nyumbani. Ule mchezo umefungwa, hautatusumbua tena."

"Umefungwa?"

"Jana."

Mkewe alitikisa kichwa polepole. "Na kama usingefungwa, leo ungekuwa hapa?"

Meya alitafuta jibu. Angeweza kusema ndiyo, na pengine angeaminiwa, kwa kuwa mkewe alikuwa bado na huruma. Lakini alimwangalia usoni, mara ya kwanza baada ya siku nyingi, na uongo ukamshinda. Akainamisha kichwa.

"Ahsante kwa kutonidanganya," mkewe alisema kwa upole. "Nenda salama, baba. Mimi moyo wangu ulishafika nyekundu zamani, na aliyejua kusoma taa alikuwa mume wangu."

Meya alirudi mjini kwa miguu. Karakana ilikuwa imefungwa, nyumba ilikuwa tupu, na Bonde la Ukungu halikuwapo tena hata katika ndoto. Wageni aliowatumikia walipita na kutoweka wasijue kwamba aliwahi kuishi, na yule aliyekuwa wake, wa shida na wa raha, aliyezoeleka hata akasahaulika, Meya mwenyewe ndiye aliyetangulia kumwacha. Majirani waliokijua kisa chake hawakuwa na haja ya kuongeza neno, kwani wahenga walikwisha kukata hukumu yake kabla hajazaliwa: usiache mbachao kwa msala upitao.