Ujira wa Mshona Nyavu

Pwani ya Mkunguni alikuwapo tajiri, Bwana Shekue, aliyechoshwa na kihori chake, kimtumbwi cha kale, akaagiza boti kubwa ya kuvulia bahari kuu. Tangu siku hiyo akawa hasemi na wavuvi wenzake ila kuwakejeli: "Hivyo vyenu ni vyombo au mabakuli?"

Akamwita Mwanakheri, mshona nyavu, amshonee wavu wa boti hiyo.

"Wataka ujira gani, wewe?"

"Nipe kihori chako, bwana."

"Kile kibovu? Cha nini?"

"Nitaotesha mchicha."

Tajiri alicheka hadi kofia ikamdondoka, akampa mbele ya watu. Mwanakheri akapokea, akashona wavu.

Boti ikaenda, ikavua, ikarudi imesheheni jodari. Lakini maji ya Mkunguni yana kina kifupi, na boti ile ilikuwa nzito. Ikabidi itie nanga mbali, nje ya mwamba. Jua likapanda, barafu ya samaki ikaanza kuyeyuka. Bwana Shekue akawakimbilia wavuvi wamshushie samaki.

"Kwa mabakuli haya?" wakamjibu, wakaendelea kunywa kahawa.

Akamkuta Mwanakheri ameketi ndani ya kihori, kafi mkononi.

"Bi Mwanakheri, dada yangu, nishushie samaki."

"Nusu yao wawe wangu, bwana."

"Nusu! Huo ni wizi wa mchana!"

"Basi tungoje jioni, kutapoa."

Tajiri alilitazama jua, akavua viatu, akapanda. Mwanakheri akamtupia kopo.

"Teka maji, bwana. Kinavuja."