Kinyozi Kaa katika Nchi ya Kobe

Paukwa!

"Pakawa!"

Pakawa na nini?

"Na masikio!"

Yako wapi?

"Haya hapa!"

Basi yashikeni yasikimbie, maana hadithi ya leo haiendi mbele wala nyuma. Inakwenda upande upande.

Hapo zamani za kale, wakati Kenge bado anakaribishwa kwenye nyumba za watu, palikuwa na Kaa mmoja aliyeitwa Magando. Aliishi kwenye matope ya mikoko, chini ya mwamba aliorithi kwa babu yake. Mwamba ule ulikuwa na kivuli mchana, jua la kuotea asubuhi, na shimo la baridi walimolala yeye na mkewe, Bi Chelema.

Magando alikuwa kinyozi. Alikuwa na gando kubwa la kukatia nywele, gando dogo la kuchongea ndevu, na mdomo usioishiwa maneno. Akimnyoa komba, atamsimulia habari za nguchiro. Akimnyoa nguchiro, atamsimulia habari za komba. Mteja alicheka mpaka akasahau kwamba amekatwa sikio.

Lakini pale mikokoni kila kaa alikuwa kinyozi. Komba mmoja akitokea, vinyozi wote wanamrukia mkiani.

"Njoo kwangu!"

"Njoo kwangu!"

"Njoo kwangu!"

Yule komba akachoka, akaamua kufuga nywele.

Siku moja akapita Kenge. Huyu Kenge alikuwa dalali, na alisifika kwa jambo moja: hakuwahi kusema uongo maishani mwake. Ninyi mlio hapa mbele, naona mnatabasamu. Msimpende haraka.

"Ndugu yangu Magando," akasema Kenge, "mbona leo unanyoa upepo?"

"Nifanyeje, Bwana Kenge? Vinyozi tumekuwa wengi kuliko vichwa."

"Basi nenda kafungue kazi nje. Nyuma ya vile vilima iko Nchi ya Kobe. Kule mgeni hafungui duka bila mwenyeji wa kumdhamini. Lakini mimi wananihesabu mwenyeji, na banda ninalo, pale pale penye lango la soko."

Macho ya Kaa yakasimama juu ya vijiti vyake. Akauliza, "Watu wapo huko?"

"Wamejaa kama kokoto."

Akauliza tena, "Wana uwezo?"

"Maghala yao yamejaa mtama mpaka milango haifungi."

Akauliza mara ya tatu, "Na vinyozi je? Wapo wengi?"

Kenge akatoa ulimi, akaurudisha. "Hakuna hata mmoja. Hajawahi kuwako tangu dunia iumbwe."

Lo! Kaa akaanza kuchezacheza pale pale alipo. Nchi nzima ya vichwa, na kinyozi ni yeye peke yake!

Wakapatana hivi. Kenge atatoa banda na udhamini, na kila kitakachopatikana watagawana nusu kwa nusu. Kaa ataweka rehani mwamba wake mpaka ushirika wao uishe. Mvua za masika zikianguka kabla hajapata mteja, basi mwamba ni wa Kenge, moja kwa moja. Kenge aliupenda sana ule mwamba. Ulikuwa mzuri wa kuota jua, tena ulikuwa karibu na viota vya ndege.

Bi Chelema alikuwa akisafisha shimo. Akatoa kichwa. "Mume wangu, vichwa vyao umeviona?"

"Vichwa vya nini tena, mke wangu? Kila mwenye shingo ana kichwa."

"Haya, safari njema. Mimi nauliza tu."

Kaa akafunga safari. Kioo mgongoni, benchi kichwani, kibuyu cha maji ya chumvi kwapani kwa ajili ya kujinyunyizia njiani. Na kwa sababu kaa hutembea upande, kila aliyekutana naye alidhani anakwenda kwingine.

Akafika. Akaning'iniza kioo, akaweka benchi, akafagia mlango, akaanza kuimba:

"Nyoa, nyoa, njooni nyoa,
gando langu halina doa,
ukiingia umechoka,
ukitoka umepoa!"

Kobe wa kwanza akapita. Kaa akamtazama: upara mtupu. "Masikini," Kaa akasema moyoni, "huyu aliugua."

Kobe wa pili akapita. Upara mtupu. "Huyu naye ni ndugu yake."

Kobe wa tatu akapita, na nyuma yake soko zima. Kaa akatazama kushoto, akatazama kulia. Upara, upara, upara, unang'aa juani kama vibuyu.

Akamsogelea kobe mmoja kwa heshima. "Samahani, mwenyeji wangu. Poleni na msiba."

"Msiba wa nani?"

"Mbona nchi nzima mmenyoa?"

"Hatukunyoa," akasema yule kobe. "Tumezaliwa." Na kichwa chake, fyu! kikaingia ndani.

Kaa akakaa chini. Akajinyunyizia maji ya chumvi. Akakumbuka alivyouliza maswali matatu, na alivyojibiwa kweli tatu. Kisha akakumbuka swali la mkewe.

Lakini hakuwa kaa wa kukata tamaa siku ya kwanza. Kesho yake akabadili wimbo, akawaita kobe awakate kucha. Akaja mmoja, akanyoosha mguu. Kaa alipougusa tu, fyu! mguu ukaingia ndani. "Tutaangalia," sauti ikasema kutoka gambani.

Keshokutwa akaahidi kuwapunguza mikia. Fyu! mkia ukaingia ndani. "Tutaangalia."

Siku ya mtondo akaahidi kuwapaka mafuta ya kichwa, bure kabisa. Fyu! kichwa kikaingia ndani. "Tutaangalia."

Na kobe akisema tutaangalia, nawaambieni, anaweza kuangalia mpaka mjukuu wake aoe.

Mawingu yakaanza kukusanyika juu ya vilima. Akaja Kitwitwi, yule ndege mdogo wa pwani, na salamu za nyumbani.

"Magando, mkeo anakusalimu. Anasema Kenge huja kila siku kuupima mwamba kwa mkia wake. Jana alimwuliza kama shimo linaweza kupanuliwa."

"Mke wangu akamjibu nini?"

"Alimbana kidole. Lakini anasema ufanye haraka, mvua ikianguka hana pa kulala."

Kaa akatazama mawingu, akatazama benchi tupu. Safari hii hakuimba.

Mchana ule akaja kobe mmoja kikongwe, Bi Mwatabu, akakaa kwenye benchi kwa sababu palikuwa na kivuli. Hakutaka huduma. Alikuwa akijisugua shingo kwenye nguzo ya banda, huku na huku, akiguna.

"Vipi, bibi?" Kaa akauliza.

"Kupe, mjukuu wangu. Wamejenga kwenye mikunjo ya shingo, sasa wanaalikana harusi. Hatuna mkono wa kuwafikia. Nchi nzima tunajisugua kwenye nguzo."

Kaa akaruka. Kupe! Kwa gando dogo la kuchongea ndevu, kupe ni kazi ya kuchuma tu! Akanyoosha gando. Fyu! shingo ikaingia ndani, na kupe wake wote.

"Toa shingo, bibi."

"Nimetoa."

Akanyoosha gando. Fyu!

"Bibi, usiirudishe!"

"Siirudishi mimi, mwanangu. Inarudi yenyewe. Ndivyo tulivyo."

Basi Kaa akachoka, akaketi kando yake. Na kinyozi akiketi kando ya mtu, mdomo haukai. Akajikuta anasema, "Kule kwetu, bibi, kuna komba mmoja aligombana na vinyozi, akaamua kufuga nywele."

Gamba likasogea karibu kwenye benchi. Kisha ncha ya pua ikatokea. "Ehe?"

"Akafuga, akafuga, akafuga, mpaka mama mkwe wake alipomwona juu ya mti akadhani ni nazi."

Shingo ikatoka kidogo. "Ehe! Akafanyaje?"

"Akamtungua kwa fimbo, ampeleke jikoni!"

Shingo ikatoka yote, ndefu, mikunjo imefunguka, Bi Mwatabu mdomo wazi anasubiri. Nyaku! Kaa akang'oa kupe wa kwanza. Bibi hata hakujua.

"Wewe, usikate maneno! Alipofika jikoni?"

"Alipofika jikoni," nyaku! "alikuta maji yanachemka," nyaku! "na mkewe," nyaku! "ameshika mbuzi ya kukunia nazi."

Bi Mwatabu akacheka mpaka gamba likagonga benchi. Hadithi ilipokwisha, akageuza shingo kushoto. Akageuza kulia. Akaacha kucheka.

"Mjukuu wangu," akasema polepole, "haiwashi."

Habari zikaenda mwendo wa kobe, lakini zilifika. Siku ya pili benchi likajaa. Siku ya tatu wakapanga foleni mpaka sokoni, kila mmoja na kikapu chake cha mtama. Kaa alianza habari upande huu wa benchi na kuimalizia upande wa pili, na shingo zote zilitoka pamoja kama mboga baada ya mvua. Nyaku, nyaku, nyaku!

Kenge akasikia. Akaacha kupima mwamba, akaja mbio kuchukua nusu yake. Alipotia mguu tu sokoni, fyu! fyu! fyu! Foleni nzima ikawa mawe.

"Kwa nini?" Kaa akamnong'oneza Bi Mwatabu kwenye tundu la gamba.

"Mayai yetu," sauti ikajibu ndani. "Huyo akitembelea nyumba, mayai hupungua. Hakuna aliyemwona, lakini shingo zinamjua."

Kenge hakuona mawe. Aliona vikapu. Akahesabu nusu yake, akaona ni tamu. Kisha akafikiria ile nusu nyingine, akaona ni tamu zaidi.

"Ndugu yangu Magando," akasema, "umekonda. Kwenu ni kuzuri. Mimi nina huruma, unajua. Chukua mwamba wako, uniachie banda, kioo na benchi."

Kaa akaendelea kufuta kioo chake.

Kenge akapatwa na wasiwasi wa dalali. Akauliza, "Wateja wapo?"

"Benchi halitoshi, umeona mwenyewe."

"Wanalipa?"

"Hajaja mtu mkono mtupu."

"Na mwingine wa kazi hii, yupo?"

Kaa akajinyunyizia maji ya chumvi, taratibu. "Nikishaondoka? Hatabaki hata mmoja."

Kenge akatoa ulimi, akaurudisha, akafurahi. Wakapeana mkono pale pale, Bi Mwatabu akiwa shahidi. Lilisikika gamba likitikisika, lakini Kenge alidhani kikongwe anakohoa.

Kaa akachukua kibuyu chake, akaenda zake upande upande. Alipofika kwenye mwamba, tone la kwanza la masika likamdondokea mgongoni. Bi Chelema alikuwa amesimama mlangoni.

"Karibu, mume wangu. Vichwa vyao umeviona?"

"Nimeviona, mke wangu."

"Vina nini?"

"Vina hamu ya umbeya. Nisogezee nilale."

Na Kenge? Kenge alikaa bandani akaimba, "Nyoa, nyoa!" Kobe wakapita. Fyu! Akaimba tena. Fyu! Akaimba mara ya tatu, mvua ikaingia bandani, ukungu ukamwotea mkiani. Akashuka mikokoni kwa hasira.

"Magando! Umenidanganya!"

"Mimi? Nionyeshe neno moja la uongo nililosema, nikupe mwamba wangu."

Kenge akafikiri. Wateja? Kweli. Malipo? Kweli. Kinyozi mwingine? Kweli. Akatoa ulimi kulitafuta lile neno la uongo, akaurudisha. Akautoa, akaurudisha. Mpaka leo mkimwona Kenge, ulimi unatoka na kurudi. Bado analitafuta.

Wale kobe nao hawakumsahau kinyozi wao. Bi Mwatabu alitangulia, wengine wakamfuata, kushuka vilima kwenda mikokoni. Kaa akaunda benchi jipya kando ya mwamba. Na mpaka leo ukimwona kobe anavuka njia polepole, usimwulize anakwenda wapi. Anakwenda kwa kinyozi. Ukimkaribia na kichwa kikaingia ndani, usikasirike. Anahakikisha tu kwamba wewe si Kenge.

Basi wanangu, atakayekwenda kufungua kazi nchi ya watu, asikubali kuambiwa tu kwamba watu ni wengi na washindani hawako. Aende kwanza akavione vichwa. Na akikuta vina upara, asikimbilie kurudi: akae nao kwenye benchi, awasikilize, mpaka ajue kinachowawasha.

Hadithi yangu nimeikunja, nimeiingiza gambani. Mwenye nywele akalale, mwenye kupe abaki hapa. Na wewe unayejikuna hapo nyuma, nimekuona.

Njoo. Lete shingo.