Fundi Aliyetaka Mia Saba

Haya, wapendwa, wekeni vitabu vya nyimbo chini kidogo. Mnaojipepea endeleeni kujipepea, joto ni la wote, ila masikio nipeni mimi.

Alikuwepo fundi mmoja wa redio, mtu mwenye mikono iliyobarikiwa na mdomo usio na breki. Huyu bwana alijiundia kompyuta. Sikilizeni vizuri, sikusema alinunua. Alijiundia! Kasha lake lilikuwa kiota cha kuku kwa jirani, skrini ilitupwa na ofisi fulani iliyohama, na bodi pamoja na prosesa alivipata sokoni kwa muuza spea zilizotumika. Prosesa, kwa sisi tusiojua mambo hayo, ndiyo ubongo wa mashine. Ni kidude kinachoenea kiganjani, na mgongoni kimeandikwa namba inayosema kinaweza kukimbia kasi gani. Cha kwake kiliandikwa mia saba. Mia saba jamani! Enzi hizo, mtaani kwao, ilikuwa kama mtu ameegesha ndege uani.

Siku ya kuiwasha ikafika. Feni ikavuma, skrini ikang'aa, fundi akapiga yowe mpaka mke wake akatoka jikoni na mwiko mkononi. Lakini maandishi ya kwanza yalipojitokeza, kitumbua kikaingia mchanga. Mashine ilijitaja kuwa ni ya mia tano.

"Mia tano ya nani?" fundi akafoka. "Mimi nimenunua mia saba!"

"Kwani haifanyi kazi?" mke wake akauliza.

"Inafanya. Lakini kivivu! Hii mashine inanidharau."

Mke wake akaitazama mashine, akamtazama mumewe, akarudi kwenye sufuria yake.

Sasa, kwenye bodi za zamani kulikuwa na vipini vidogo vya chuma vilivyosimama, na kikofia cha plastiki kisichozidi punje ya mahindi. Ukikitoa kikofia kwenye kipini hiki ukakivika kile, umeiambia prosesa ikimbie zaidi, au ipunguze mwendo. Fundi akakihamisha. Akawasha, akashikilia pumzi. Skrini ikaandika mia saba! Weee! Alicheza peke yake chumbani. Kesho yake kinyozi alikuwa anajua, muuza maandazi alikuwa anajua, hata mzee wa kanisa aliyekuja kuleta redio yake alisomewa habari ya mia saba kabla hajakaribishwa kiti. Ni kweli ile mashine ilikuwa ikiganda mara kwa mara, lakini fundi alisema ni umeme. Mbio za sakafuni, wapendwa, mnajua zinakoishia.

Huyu fundi alikuwa na mama yake. Na mama huyu alikuwa na sauti, nyie! Alikuwa na wimbo wake mwenyewe, aliutunga zamani wa kuwaamshia wanawe asubuhi: "Amkeni, jua limefika na kazi zake mkononi." Hakuna aliyewahi kuuandika, wala hakuna aliyeweza kuuimba kama yeye. Basi koo likaanza kumsumbua, akaenda hospitali, daktari akasema lazima apasuliwe Jumatatu. Atapona, daktari akasema, ila kuhusu sauti hawezi kumwahidi kitu.

Mnaona ilivyokuwa? Jumamosi asubuhi fundi akamketisha mama yake mbele ya kipaza sauti. Huo wimbo ukipotea, wajukuu wangeusikia wapi tena?

"Imba, mama," akasema kwa furaha. "Hii ni mia saba. Itakunasa mpaka pumzi!"

Mama akaimba. Ubeti wa kwanza ukaingia safi, wa pili ukaingia safi, majirani wakasogea dirishani. Alipopanda ubeti wa tatu, pale sauti inapokwea juu kabisa, skrini ikaganda. Kila kilichokuwa kimerekodiwa kikapotea.

"Joto," akasema fundi. Akaleta feni ya mezani, akailekeza kwenye mashine. Mama akaimba tena. Safari hii iliganda ubeti wa pili. Fundi akabadilisha waya, akafungua madirisha yote, akawafukuza majirani eti wanaongeza joto. Mama akanywa maji ya moto, akaimba tena, nayo mashine ikaganda tena, na sasa sauti yake ilikuwa imeanza kukwaruza. Mtoto wa watu anaimbia koo bovu, na kila akiimba kinachobaki kinapungua!

"Baba," mama akamwambia taratibu, maana ndivyo alivyozoea kumwita mwanawe, "huwezi kuishusha kidogo hiyo mbio yake?"

"Niishushe? Mama, imeandikwa mia saba! Nimeiona kwa macho yangu! Ikishindwa mia saba, basi ni jeuri tu, au inataka kusafishwa."

Akaizima, akashika bisibisi, akang'oa feni iliyokaa juu ya prosesa, akachovya pamba kwenye spiriti aondoe ute wa zamani wa kupozea uliokauka. Akasugua. Pamba ikawa nyeusi kwa ute, akachukua nyingine. Akasugua. Hii ya pili ikatoka na njano.

Njano? Ute ulikuwa mweusi, jamani, njano imetoka wapi? Akaangalia prosesa. Ile saba ilikuwa imebaki nusu. Akasugua tena, na sifuri zikaondoka na pamba.

"Mbona umeacha kusugua?" mama akauliza.

"Mama, imefutika."

"Nini imefutika?"

"Mia saba."

Ilikuwa rangi! Kuna mtu huko ilikotoka aliipaka ili iuzike ghali. Na chini ya rangi, kwa herufi ndogo zilizochongwa na wale walioitengeneza, ilisomeka mia tano. Tangu siku ya kwanza ile mashine ilikuwa inasema ukweli. Ilijitaja jina lake, naye akaikaripia. Fundi akataka kumlaani muuza spea, akafungua mdomo kabisa. Kisha akamwona mama yake ameshika koo kwa kiganja, na hasira yote ikamwishia miguuni.

"Nisamehe, mama," akasema, na machozi yakamtoka mtu mzima yule. "Nimeimaliza sauti yako kwa ajili ya namba ya rangi."

Mama akacheka! Cheko la kukwaruza, lakini cheko. "Kirudishe hicho kikofia chako mahali pake, tuendelee. Na mimi nashuka. Huko juu nilikuwa napanda kwa kuiga kwaya. Leo naimba kama ninavyowaamsha ninyi."

Akarudisha kikofia. Akawasha. Skrini ikaandika mia tano, na safari hii fundi akaikubali. Mama akaimba chini, polepole, kama mtu anayesonga ugali huku watoto bado wamejifunika shuka. Ubeti wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Wa tatu ulipoanza, mke wa fundi akamshika mumewe mkono wakabana pumzi wote wawili, nao ukapita! Wa nne ukapita! Mama akamaliza, akakohoa, na hata kile kikohozi kikarekodiwa! Fundi aliruka akapiga kichwa kwenye taa. Majirani aliowafukuza wakarudi wakipiga vigelegele, na wimbo ukachezwa kutoka mwanzo hadi mwisho, sauti ya mama ikijaa nyumba nzima, na mashine haikukwama hata kidogo.

Mmefurahi, eh? Naona hata benchi la nyuma wameamka. Basi nisikilizeni.

Nani ameipaka namba mgongoni pako? Maana wako humu ndani watu wanaoganda. Kaka mkubwa uliyeambiwa wewe ndiye utakayesomesha ukoo mzima, nguvu zako na mshahara wako havijawahi kutosha, na kila unaposhindwa unaonekana mkaidi. Dada uliyeambiwa uwe kama shangazi yako. Umekwama ubeti wa tatu, na sisi tunaokutazama tunasema ni jeuri, anataka kuombewa. Tunakuletea feni. Hakuna anayefikiri kuuliza Aliyekuumba alichonga nini.

Msinielewe vibaya, sitetei uvivu. Mia tano si uvivu. Ile mashine ilipoachwa iwe mia tano ilifanya kazi ambayo mia saba ya rangi haikuweza kuimaliza.

Lakini mnajua kinachonitisha? Mnapousikia mfano huu kila mmoja anajiona yeye ni prosesa. Hakuna aliyejiona kuwa yule aliyeipaka rangi! Wapendwa, rangi ile haikujipaka. Sisi ndio wenye brashi. Matokeo ya mtihani yakitoka tunaishika: "Mwangalie mwenzako." "Mtoto wa fulani ana kichwa gani na wewe una kichwa gani?" Mtoto amekuja na daraja lake, amelitolea jasho, amesimama mbele yako akisema, baba, huyu ndiye mimi. Na sisi tunamjibu, mia tano ya nani?

Yule mtoto wako unayemlinganisha na ndugu yake, amekaa wapi sasa hivi? Usinitazame mimi. Mtafute kwa macho. Yupo na kina mama? Yupo kule nje, kwa sababu hapendi kukaa karibu na wewe? Leo hii, kabla hujamsalimia mchungaji, kabla hujapeana mkono na mtu yeyote mlangoni, nenda mpaka alipo, umwite kwa jina lake, umwambie nimekuona, na ulivyo nimekupenda.

Nendeni sasa. Sala ya mwisho itawasubiri.